Siku Moyo Wangu Ulipopimwa Akiba

Mimi ni Zuhura binti Mohamedi, mzaliwa wa Dunda, Bagamoyo, na niseme mapema kwamba kushindwa sikukuzoea. Niliondoka hapa msichana wa kazi za ndani, nikaenda Maskati kufua na kupiga deki nyumba za watu. Nilirudi nikasoma chuo Dar es Salaam, nikachukua stashahada ya upishi na hoteli, kisha nikarudi Maskati kwa mlango wa mbele: mpishi wa vitamutamu katika hoteli ambayo zamani nisingepita hata kwenye ngazi zake. Wenzangu wengi walirudi nyumbani na mablanketi na seti za vikombe. Mimi nilirudi na tanuri, na sufuria ya shaba ya kupikia halua ambayo wanaume wawili hawaibebi bila kutukanana. Stashahada iko ukutani sebuleni, ndani ya fremu. Mgeni hanywi maji kwangu bila kuiona.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyepewa karatasi ya kwenda kupigwa picha ya moyo, na sasa amekaa nayo ukingoni mwa kitanda haelewi aende au ajifunike shuka. Mambo ya kitaalamu sitayaeleza, hayo waachie wenyewe. Mimi nakueleza yaliyonipata, na nimeyavuka, na leo asubuhi nimekanda unga.

Yalianzia kwenye halua. Halua inataka mtu asiyesimama. Sukari, wanga, samli, zafarani, iliki, vyote vinakusubiri uchoke tu vishike chini viungue. Miaka yote nilikoroga mwenyewe, mwiko ule mrefu kama kasia, na nikimaliza natafuta kazi nyingine. Lakini kiangazi kile nikaanza kusimama katikati. Kwanza nikalaumu joto. Nikalaumu kuni mbichi. Nikalaumu kanga, nikasema nimejifunga kifuani mno. Nikipanda ngazi za nyumba yangu mwenyewe, ghorofa niliyoijenga kwa mikono yangu hii, nafika juu kama mtu aliyekimbizwa na mbwa kutoka Kaole.

Siku moja nikaanguka. Nilipofumbua macho nilikuwa chali kwenye sakafu ya jikoni, na Shangazi Tatu ananipepea kwa kawa la kufunikia chakula. Huyu ni dada yake marehemu baba, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Sasa nakaa naye mimi, naye husema lolote analotaka kwa sauti anayoitaka.

"Umekufa?" akaniuliza.

"Sijafa, Shangazi."

"Basi inuka. Halua inaungua."

Niliinuka. Lakini mwiko aliushika yeye, na katika maisha yangu yote hilo halijawahi kutokea.

Ungekuwa wakati mwingine ningenyamaza, nikanywa tangawizi, nikaendelea. Tatizo ni kwamba binti yangu Aziza alikuwa ametoka kuposwa na kijana wa Pangani, ukoo wa watu wa biashara, watu wanaoijua halua nzuri na mbaya kwa harufu. Siku ya posa, mbele ya wakwe wote, nilitangaza kwamba halua ya harusi ya mwanangu nitaipika mimi, nitaikoroga mimi mwanzo hadi mwisho, na hakuna mkono wa mtu mwingine utakaogusa mwiko. Nililisema kwa sauti. Bagamoyo nzima ilinisikia, na waliokuwa hawapo walisimuliwa. Harusi ilipangwa msimu wa mananasi. Mwanamke wa aina yangu harudishi neno kama hilo.

Hospitali ya wilaya walinisikiliza kifua, wakatazamana, wakaniandikia kwenda Dar es Salaam.

Chumba cha kungojea cha kliniki ya moyo ni kama stendi ya mabasi, ila kila mtu anakwenda sehemu moja. Tulikuwepo watu wa kila mkoa. Nilikaa karibu na mwanamke wa Ubena, Mama Rehema, mrefu, mwembamba, miguu imevimba ameifunika kwa upande wa kitenge. Nikamweleza habari za Maskati, nikamweleza stashahada, nikamweleza tanuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Shoga, wewe ndiye mgonjwa wa kwanza ninayemwona anaringa kwenye foleni." Tukawa marafiki palepale.

Daktari wangu alikuwa Daktari Elia, kijana wa bara, mpole, mwenye tabia ya kuchora anapozungumza. Alinilaza kwenye chumba cha giza, mpimaji akanipaka jeli ya baridi kifuani, akapitisha kifaa chake chini ya titi la kushoto, akibonyeza na kutafuta kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Na pale kwenye skrini nikauona moyo wangu. Nilitegemea kitu kizuri zaidi. Ulikuwa kivuli cha kijivu kinachojiminya taratibu, kivivu, kama mtu aliyeamshwa asubuhi ya Jumapili.

"Umeona hapa?" Daktari Elia alionyesha kwa kalamu. "Hii ni valvu. Ni mlango. Damu inapotoka moyoni kwenda mwilini inapita hapa. Mlango wako hautaki kufunguka."

"Kama milango yetu ya Bagamoyo wakati wa masika," nikasema. "Mbao zikivimba, unasukuma kwa bega."

Alifurahi. "Ndiyo hivyo, mama. Na moyo wako umesukuma kwa bega miaka mingi mpaka umechoka. Kwamba mlango ubadilishwe, hilo halina ubishi. Ninachotaka kujua ni kama mwenye nyumba bado ana nguvu. Akiwa nazo, tukiweka mlango mpya atanyanyuka. Akiwa hana..." Akaacha kuchora. "Akiwa hana, upasuaji unaweza kukushinda. Au ukapona jeraha na ukabaki vilevile."

"Na utajuaje?"

"Kwa picha nyingine. Tutakupa dawa ya kuukimbiza moyo huku tunaupiga picha. Tutaangalia kama una akiba."

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Akiba. Mimi ambaye kila nilichonacho nimekipata kwa kuweka akiba, sasa nakwenda kukaguliwa kama kifuani nimebakiza kitu.

Sharti lilikuwa moja: asubuhi ya kipimo nisile wala nisinywe chochote. Nililielewa. Shangazi Tatu alielezwa, naye akasema amelielewa.

Asubuhi ile, mvua za masika zinamwagika, Shangazi akaingia chumbani na sahani. Alikuwa amekwenda kwa maalimu akaniandikishia kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi kidogo, ninywe kwa nia ya shifaa. Tangu nikiwa mtoto sijawahi kukataa kombe la Shangazi. Nikasema bismillahi, nikanywa lote. Na kwa kuwa kombe, kwa mujibu wake, halikai vizuri kwenye tumbo tupu, akanisindikizia tende saba na bilauri ya maziwa. Nikamaliza, nikamshukuru, nikavaa baibui, tukaondoka na Aziza, sote watatu.

Niamini nikikwambia: hakuna hata mmoja wetu aliyeona tatizo. Chakula ni chakula na kombe ni kombe.

"Mama, umekula chochote leo?" nesi aliniuliza.

"Wallahi sijala."

"Umekunywa?"

"Hata tone."

Akanitazama. Akasogea karibu. "Mbona midomo yako ya njano?" Akamwita Daktari Elia haraka. Akaja, akanivuta kope, akanichungulia macho, akaniambia nitoe ulimi. Niliona uso wake umebadilika. Alikuwa anawaza ini, kumbe, anawaza ugonjwa mwingine juu ya huu.

Kutoka kwenye kona Shangazi Tatu akasema, "Si ugonjwa huo, baba. Ni zafarani."

"Zafarani ya nini, bibi?"

"Ya kombe." Akamweleza, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto wa mgeni.

"Na ni maji kiasi gani?"

"Sahani moja tu."

"Ya chai?"

"Ya pilau." Halafu, kwa kuwa Shangazi hajui kuficha, akaongeza: "Na tende saba. Na maziwa kidogo ya kuteremshia."

Daktari Elia alivua miwani akaifuta. "Bi Zuhura, tende, maziwa na sahani nzima ya maji. Hiki ni kifungua kinywa kamili. Mimi mwenyewe leo sijapata."

"Si kula huko," Shangazi akasema. "Ni sunna."

Kipimo kikaahirishwa. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa ya wiki tatu mbele. Daktari aliniambia nisibebe kitu, nisipande ngazi, na nikizidiwa nisisubiri siku ya miadi. Alisema kwa utulivu, na utulivu ule ndio ulionitisha.

Kutoka Dar mpaka Bagamoyo sikusema neno. Bunju ikapita, Mapinga ikapita, Kerege, Zinga, maji yanatiririka kwenye vioo. Tulipokaribia nyumbani Shangazi akasema, akitazama nje: "Nimekunywesha maneno ya Mungu, Zuhura. Sikukunywesha soda." Sikumjibu, na hilo lilimuumiza kuliko kama ningemgombeza.

Wiki zile tatu zilikuwa mbaya kuliko upasuaji wenyewe. Miguu ilijaa mpaka ndara hazikuingia. Nililala nimekaa, mito mitatu mgongoni, nimehamishiwa sebuleni chini ya stashahada yangu kwa sababu ngazi zimekuwa mlima. Aziza akaja na kauli kwamba harusi isogezwe mwaka mwingine, nami nikamwambia akirudia neno hilo nitapanda ngazi makusudi. Ndugu yangu Hamadi, mkulima wa mananasi Fukayosi, alikuja na mguu wake mmoja ndani na mwingine nje.

"Dada, nasikia wanapasua mfupa wa kifua kwa msumeno. Mtu yu hai."

"Ndiyo wanavyofanya."

"Na wewe umekubali?"

"Kama moyo una akiba, nimekubali."

"Na kama hauna?"

Nikamwita Aziza alete chai. Hamadi akaondoka bila kuinywa, na sote tuliona kwamba ni woga, si hasira.

Aliyenitia wasiwasi ni Shangazi. Alinyamaza. Shangazi Tatu akinyamaza, majirani huja kuuliza nani amefariki. Alinipikia uji, akanikanda miguu, hakusema kitu. Hadi usiku wa kuamkia miadi ya pili, baada ya sala ya isha, alipokuja na sahani yake nyeupe.

"Hili linywe sasa hivi," akasema. "Nimemuuliza Aziza, Aziza amempigia nesi, nesi amesema usiku ruhusa. Na kesho mimi nafunga pamoja na wewe. Hata mate nitameza kwa hesabu."

Nikanywa. Nikambusu mkono. Na hayo yakaishia hapo, maana kwetu ukishanywa kombe la mtu umemsamehe.

Asubuhi nikalazwa kwa ubavu wa kushoto kwenye chumba kile cha giza, mkono mmoja chini ya kichwa, sindano imeunganishwa na mashine, jeli baridi kama kawaida. Daktari Elia akasimama mwenyewe kwenye skrini. "Tunaanza, mama. Utahisi moyo unakimbia. Usiogope. Ukisikia maumivu useme."

Mwanzo sikuhisi kitu. Kisha ukaanza kutembea, kisha ukaharakisha, kisha ukakimbia kama umesikia bao limefungwa. Koo likapiga, masikio yakapiga. Niliogopa, na mimi nikiogopa hufanya kazi. Nikapika halua kichwani. Sukari imeyeyuka. Wanga unaingia, koroga. Samli, koroga. Inaanza kuwa nzito, sasa ndipo waongo wanapoonekana, koroga.

"Bi Zuhura, mbona mkono unazunguka?"

Nikatazama. Mkono wa kulia ulikuwa unakoroga hewa juu ya shuka. "Napika halua, daktari."

"Pika kwa kichwa. Mkono utulie, picha inatikisika."

Mpimaji alicheka, nikahisi kifaa kinatetemeka mbavuni. Wakaongeza dawa. Nikakoroga kwa kichwa mpaka nikaona samli inajitenga pembeni, dalili kwamba halua imeiva, na ndipo nikasikia Daktari Elia anasema, si kwangu, kwa skrini: "Ehee. Ehee, huyo."

Walipozima dawa na moyo ukaanza kurudi, alinigeuzia skrini. Akaweka picha mbili pamoja. Ya kwanza ni yule mvivu wa Jumapili. Ya pili ulikuwa unaminya, unaminya kweli, kuta zinakutana na kuachana kama mtu anayekamua nazi. Sikuhitaji kuambiwa. Mimi najua mkono wenye nguvu nikiuona.

"Akiba ipo," akasema. "Ulipohitajika, umeitoa. Moyo kama huu, ukiwekewa mlango mpya, una nafasi nzuri ya kunyanyuka. Si ahadi, mama. Ni utabiri."

"Kama ule wa hali ya hewa?"

"Huu ni bora kidogo kuliko ule."

Nje, Shangazi alikuwa kwenye benchi na tasbihi yake, midomo mikavu. Akanitazama usoni. "Ipo?"

"Ipo, Shangazi."

Akapiga kigelegele katikati ya korido ya hospitali. Mlinzi akaja mbio. "Bibi, bibi, hapa kuna wagonjwa!"

"Na wewe mzima," akamjibu, "mbona huna raha?"

Lakini nisikudanganye. Wiki ileile Mama Rehema wa Ubena naye alipimwa, na picha yake haikusema kama yangu. Moyo wake haukuonyesha akiba. Madaktari hawakumpeleka kwenye kisu, wakampa vidonge, wakampangia kumwangalia kwa karibu. Aliniambia kwenye simu: "Wewe nenda ukakatwe, mimi nakunywa dawa. Tutaona nani atamzika mwenzake." Nilicheka, kisha nikakata simu nikalia. Picha haikufichi. Ukienda kuitafuta, uende ukijua hilo.

Kabla ya upasuaji daktari alitueleza kuna valvu za namna mbili, za chuma na za wanyama. Shangazi akauliza mnyama gani. Alipojibiwa kwamba ni ng'ombe au nguruwe, hakumngoja amalize.

"Ya chuma," akasema. "Chuma hakina dini."

Daktari alieleza kwamba ya chuma inadumu, ila nitameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yangu yote na kupimwa damu kila mara. Nikasema nimefanya kazi jikoni kwa mabwana wa kila namna, kidonge kimoja hakitanishinda nidhamu. Nikachagua chuma, kwa sababu zangu mwenyewe, ingawa Shangazi mpaka leo anasema alichagua yeye.

Kipupwe kilikuwa kimeingia nilipopasuliwa. Sikumbuki kitu mpaka kiu. Kiu ile sikuwahi kuipata hata kwenye saumu ya Maskati. Nesi alinilowesha midomo kwa pamba, na nikitaka kukueleza rehema ya Mungu ilivyo ndogo na kubwa, ningekuonyesha pamba ile. Kisha, asubuhi nilipotolewa mpira wa kupumulia kooni na chumba kimetulia, nikasikia tik, tik, tik.

"Nesi," nikasema, sauti yangu kama chura, "iondoeni hiyo saa."

"Hapa hakuna saa, mama," akanijibu. "Huyo ni wewe."

Siku zilizofuata zilikuwa za unyonge, na mimi unyonge siujui, nikaukosea adabu. Nilipewa mto wa kukumbatia ninapokohoa, maana kukohoa na mfupa wa kifua umefungwa kwa waya ni habari nyingine. Nywele zilipukutika kwa muda. Mshono umeshuka katikati ya kifua, kama darizi ya kanzu. Aziza ndiye aliyeniogesha. Mara ya kwanza nilifumba macho kwa haya, mtoto niliyemuogesha kwenye beseni leo ananimwagia maji kwa kata, na kwa aibu nikaanza kumgombeza kwamba maji ya moto, maji ya baridi, sabuni inaingia machoni. Akaniacha niseme. Kisha akasema, "Mama, na mimi nilikuwa nalia hivihivi?"

"Zaidi."

"Basi tumelipana."

Hamadi alikuja hospitali na mananasi ya nje ya msimu, machachu mno. Akasimama mbali na kitanda. Nikamwambia asogee asikilize. Akainama, akasikia, akaruka nyuma. "Dada, umemeza nini!" Wodi nzima ikacheka, na mimi nikaumia kwa kucheka, nikaukumbatia mto wangu.

Nyumbani sikuruhusiwa kuinua kitu kizito mpaka mfupa ushike. Shangazi aliitafsiri amri hiyo kwa upana: kikombe sibebi, mlango sifungui, kisamvu napewa kwa kipimo kilekile kila wiki kwa sababu kliniki walisema kiasi cha mboga za majani kisibadilike ghafla kwa ajili ya ile dawa ya damu. Nilitembea. Kwanza mpaka msikitini, kisha mpaka sokoni, kisha mpaka mtaa wa pili na kurudi, na watu wananisalimia "Bi Zuhura, umerudi!" kama vile nimetoka tena Maskati. Miguu ikarudi kuwa miguu. Siku moja nikapanda ngazi zangu zote, nikafika juu, nikangoja kuhema. Sikuhema. Nikashuka nikapanda tena, kwa kuringa tu.

Tulirudi kwa Daktari Elia kwa picha ya kuhakikisha. Chumba kilekile cha giza, jeli ileile. Safari hii kwenye skrini kulikuwa na mlango mpya unaong'aa, unafunguka na kufunga bila kusukumwa na bega. Moyo wenyewe uliokuwa umetanuka kwa kazi umeanza kurudi kwenye saizi yake. Alipima, akapima tena.

"Utabiri haukukosea," akasema. "Umezidi kidogo."

"Mimi huwa nazidi," nikasema. "Sasa, nikoroge?"

"Ukoroge nini?"

Nikamtolea simu, nikamwonyesha picha ya sufuria ya shaba na mimi nimesimama pembeni yake. Akaikuza. "Hii ni sufuria au boti?"

"Harusi ni msimu wa mananasi. Nimeshatangaza."

Alifikiri. Aliniuliza uzito wa mwiko, urefu wa kazi, kama moto uko karibu na kifua. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za halua kwa makini kiasi kile. Mwisho akasema, "Mpaka wakati huo mfupa utakuwa umeshika vizuri. Koroga. Lakini ukichoka umpe mwenzako mwiko."

"Sitachoka."

"Bi Zuhura."

"Nikichoka, nitampa."

Siku moja kabla ya harusi, uani kwangu, moto ukawashwa asubuhi. Wakwe wa Pangani walikuwa wamekwishafika, wanawake wamekaa kwenye majamvi na macho yao yote kwenye sufuria. Mama Rehema alikuja kutoka Ubena, yuko kwenye kiti, amepungua lakini yupo, vidonge vyake kwenye mkoba. Daktari Elia naye alikuja, amevaa kofia ya kuazima, amekaa na Hamadi anakatiwa nanasi.

Nikafunga kanga ya pili kiunoni. Nikashika mwiko.

Sukari, wanga, samli. Wanawake wakaanza kuimba, nami nikaenda na nyimbo zao. Aziza, aliyefungiwa ndani, amepakwa singo ya bibi harusi mwili mzima njano, alichungulia dirishani: "Mama, pumzika!"

"Rudi ndani! Bibi harusi haonekani!"

Halua ikaanza kuwa nzito. Hapa ndipo kiangazi kilichopita niliposimama. Niliwaona Shangazi na Daktari Elia wote wawili wananitazama, Shangazi akishika ukingo wa kawa, daktari akishika kipande cha nanasi bila kukila. Mikono ikaniuma. Jasho likashuka kwenye mshono. Lakini pumzi, pumzi ilikuwepo, kila niliponyoosha mkono kuichukua niliikuta.

Shangazi Tatu akainua mkono. "Nyamazeni," akasema. "Nyamazeni nyote."

Nyimbo zikakatika. Uani pakawa kimya, ila kuni, na halua inayofoka taratibu, na katikati ya hayo, kwa walio karibu, tik, tik, tik, haraka lakini sawasawa, bila kukosea.

"Huyo ni mwanangu," Shangazi akasema.

Vigelegele vilivyofuata nadhani vilisikika Kaole. Samli ikajitenga. Nikakoroga mpaka mwisho, mwenyewe. Mama mkwe wa Pangani alionja, akafumba macho, akasema tu, "Hii imekorogwa." Mama Rehema alikula sahani mbili akasema sasa hana budi kuishi mpaka harusi ya pili. Daktari Elia aliomba afungiwe ya nyumbani. Nikamfungia nyingi, nikamwambia asile asubuhi ya kipimo.

Kwa hiyo wewe uliye na karatasi mkononi, nenda. Lala kwa ubavu wa kushoto, waambie wakuonyeshe skrini, uulize maana ya unachokiona. Kombe linywe usiku, mapema, tende ziache kwa futari. Na baadaye ukipita Bagamoyo, uliza nyumba ya ghorofa yenye harufu ya iliki. Piga hodi. Kama hujajibiwa, usiondoke, mimi huwa niko jikoni. Tulia kidogo mlangoni usikilize. Ukisikia tik, tik, tik, nipo.